Chungu cha Samaki Wasioliwa

Juma lililopita mbuzi wa jirani aliingia jikoni kwangu akaangusha chungu kilichokuwa kimefunikwa kichwa chini juu ya kichanja. Kilipasuka vipande vitatu. Wajukuu walinitazama wakidhani nitakasirika, maana wanajua kwamba chungu kile sikukipikia kamwe wala sikumwazima mtu. Sikukasirika. Niliinama nikaokota vipande, na nilipoleta kimoja puani nikasikia harufu ya udongo na moshi, na chini yake, kwa mbali sana, harufu ya uji uliochacha. Nikakaa chini palepale. Mdogo wao akaniuliza, "Bibi, kwani kilikuwa cha nini?" Nikamjibu, "Cha samaki." Akasema, "Mbona hujatupikia samaki humo hata siku moja?" Nikamwambia kwamba samaki wenyewe hawakuwa wa kuliwa. Akaenda zake kucheza, maana kwa mtoto wa Kyela hilo si jibu.

Ninyi wa rika langu mtanielewa zaidi, kwa kuwa mlizaliwa Wadachi wakiwa bado wanatawala, na mnajua jinsi misheni ilivyokuwa mahali pa mambo mapya. Sisi tulikaa kati ya Mwaya na Ipyana, na kengele ya misheni tuliisikia tukiwa nyumbani. Baba alifariki kabla sijaweza kuushika uso wake akilini. Mama alikuwa Mkisi wa kule chini ya milima, ukingoni mwa ziwa, ambako wanaume huvua na wanawake hufinyanga. Aliolewa huku kwa Wanyakyusa wenye migomba, lakini mikono yake haikuacha kazi ya kwao. Ndugu zake walimletea udongo kwa mtumbwi, naye akafinyanga kwenye kivuli cha nyumba na kubadilisha vyungu kwa ndizi, mahindi na maharage. Karibu kila jiko nililoingia nikiwa mtoto, chungu kilichokuwa mekoni kilitoka mikononi mwa mama.

Nilikuwa na dada, jina lake Sekela, aliyenitangulia kwa miaka kama minne. Ndui ilipopita kijijini ilimshika yeye, mimi ikaniruka. Wazee wakamjengea kibanda cha majani ya migomba mwisho wa shamba, ng'ambo ya mfereji, nami nikakatazwa kwenda huko. Siku moja niliponyoka. Nilifika kwenye ukingo wa mfereji nikamwona amekaa mlangoni, uso umejaa vipele vyeupe. Nikamwita, nikatia mguu mmoja majini ili nivuke. Akainama, akaokota bonge la udongo, akanitupia. Likanipiga begani. Nikarudi mbio nikilia, na baada ya siku chache tukaambiwa kwamba Sekela amelala.

Habari za lile bonge sikumwambia mtu. Nilidhani najua maana yake. Kwetu mgonjwa haachwi. Nyumba yake hujaa watu, na hata wasio na dawa huja wakakaa na kuzungumza habari za ng'ombe na za mvua, ili asikie sauti na akumbuke kwamba bado yuko kati ya watu. Sekela hakukaliwa hivyo. Basi nikajiambia kwamba alinikasirikia, na kwamba upweke ndio uliomuua, si ndui.

Baada ya msiba mama alianza kwenda kanisani, nami nikaingia shule ya misheni. Mchungaji alikuwa Mzungu mpole mwenye kikohozi, na mkewe tulimwita Mama Mchungaji. Hawakuwa na mtoto. Walichokuwa nacho ni samaki.

Samaki hao waliletwa na meli hadi Mwaya, ndani ya debe kubwa la maziwa lenye matundu kwenye mfuniko, na wapagazi wawili wakalibeba kwa mti mabegani. Mchungaji alitembea kando yao akiwasihi waende polepole. Watu walitoka migombani kutazama, wakidhani kuna mgonjwa anayebebwa. Wengi walikufa njiani, wachache walifika, wakazaana. Wakati ninaousimulia walikuwa tisa, ndani ya sanduku la kioo kwenye baraza ya nyuma. Rangi yao ilikuwa ya ndizi mbivu, wengine nyekundu ya makaa. Matumbo yalikuwa ya mviringo kama vyungu vidogo, na mikia mirefu iliyogawanyika, kama jani la mgomba lililochanwa na upepo. Mmoja alikuwa mweusi mwenye macho yaliyotokeza, na mwingine alikuwa na baka jeusi shingoni, kama samaki ana shingo.

Sisi watoto wa ziwa tulijua samaki. Tulijua usipa unaoanikwa mchangani, tulijua mbasa anayekaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Samaki wa kutazamwa hatukumjua. Kila asubuhi Mama Mchungaji aliwasalimu kwa lugha yake, akiwa ameinamisha kichwa, nami nikaona kwamba pale pana ibada. Tulikuwa tukifundishwa habari za ubatizo, na jinsi mtu anavyohitaji maji ili aingie katika kundi la Bwana. Nikafikiri: hawa hawatoki majini usiku wala mchana, basi hawa wamebatizwa kuliko Mchungaji. Nilimwambia Asajile hivyo, naye alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Asajile alikuwa mpishi wa misheni, kijana mrefu wa upande wa Ipinda. Alikuwa katika darasa la wanaongoja ubatizo, na siku yake ilikuwa Pentekoste. Alikuwa amekwisha kununua kitambaa cheupe cha shati, akakihifadhi ndani ya sanduku la chai, na kila aliyeingia jikoni alionyeshwa. Mama yake mzee alikuwa aje kwa miguu kutoka Ipinda kumwona. Asajile aliniita Mchunga Samaki, kwa sababu Mama Mchungaji alinichagua mimi niwalishe. Mkono wangu mwembamba ulifika kila kona ya sanduku bila kuwashtua.

"Ugonile, Mchunga Samaki," alikuwa akinisalimu. "Ng'ombe wako wameamkaje?"

"Salama."

"Na yule dume mwenye macho? Hajatoboa zizi?"

"Asajile, hawa si ng'ombe."

"Kweli si ng'ombe. Ng'ombe ana faida."

Ugonjwa ulikuja mwisho wa mvua, mwera ulipoanza kuvuma kutoka ziwani na asubuhi kuwa na baridi. Sijui ulitoka wapi. Baadaye Mama Mchungaji alisema labda ni yale magugu mabichi ya mtoni aliyoyatia ndani ya sanduku juma lile. Kwanza niliona samaki mmoja akijikuna kwenye jiwe. Kesho yake alikuwa na chembe nyeupe mkiani, ndogo kama chumvi. Keshokutwa chembe zilimjaa mwili mzima, akakunja mapezi yake akakaa chini, na mwenzake akawa na chembe mbili.

Asajile alikuja kuchungulia. Akasema, "Wametiwa chumvi tayari. Kilichobaki ni moto."

Mama Mchungaji alikuwa nyuma yake na alisikia. Hakucheka. Aliniita akanionyesha kwa kidole. "Ugonjwa huu unaruka kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu. Atakayeonyesha alama atatolewa, akae peke yake. Mwambie mama yako aniletee vyungu vinne."

Mama aliuliza vyungu vya kazi gani. Nikamwambia vya kukalia samaki. Akafikiri kidogo, akasema, "Samaki akae majini, basi ni mitungi." Akachagua mitungi minne mizuri ya maji, mipya, aliyokuwa ameichoma mwezi ule, tukaipeleka misheni. Ikapangwa kivulini kwenye baraza. Kazi yangu ikawa kubadilisha maji ya mitungi kila siku, baada ya chakula cha mchana, wakati Mchungaji na mkewe wanapopumzika. Niliteka maji ya mvua kwenye pipa kwa kata ya kibuyu. Kata ilikuwa moja.

Nilipoinama juu ya mtungi wa kwanza nikamwona yule mgonjwa chini kabisa, gizani, ana vipele vyeupe, yuko peke yake. Bega langu likauma palepale lilipopigwa. Sijui nieleze vipi. Ninaandika nikiwa mzee, na ninajua kwamba bega halikumbuki. Lakini liliuma.

Nikaenda kwenye sanduku, nikamchota mzima mmoja kwa kata, nikamtia mtungini. Nikakaa kando nikiwasimulia habari za shule. Ilipokaribia saa ya kengele ya alasiri nikamrudisha mgeni kwa wenzake. Niliona nimefanya jambo jema. Tulikuwa tumefundishwa kwamba anayemtembelea mgonjwa amemtembelea Bwana mwenyewe. Kesho yake nikafanya tena, na safari hii nilichagua mgeni mwingine, maana si haki kazi ya kutembelea wagonjwa aifanye mtu yuleyule kila siku. Niliwapangia zamu. Kila mzima alienda, kila mgonjwa alitembelewa, na baada ya juma moja mitungi yote minne ilikuwa na wagonjwa na sanduku la kioo lilikuwa likibakiwa na wachache. Wawili walikufa. Mama Mchungaji aliwazika chini ya mlimau kwa mkono wake. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nilimhurumia, nikaongeza muda wa kutembelea.

Siku ya Jumatano upepo ulikuwa mkali, ukabamiza madirisha, na Mama Mchungaji akaamka kabla ya kengele. Mimi nilikuwa kwenye pipa. Nilimwona ametokea barazani, ameinama juu ya mtungi, akainuka ghafla. Yule mwenye baka, ambaye asubuhi alikuwa mzima ndani ya kioo, alikuwa mtungini pamoja na mgonjwa. Na Asajile alikuwa akipita kwenda jikoni na kisu mkononi.

"Asajile! Nani amemweka samaki huyu hapa?"

"Si mimi, Mama."

"Nani basi?"

Asajile akageuza kisu mkononi.

"Mchungaji amelala. Mimi nilikuwa nimelala. Hicho kisu ni cha nini?"

"Cha ndizi, Mama."

"Wewe mwenyewe ulisema kilichobaki ni moto."

"Nilisema, Mama. Ulikuwa mzaha."

"Nauliza mara ya mwisho. Ni nani?"

Asajile alitazama kisu chake, akatazama mitungi, asiseme neno. Mimi nilisimama pale na kata mkononi, inadondosha maji juu ya miguu yangu, na Mama Mchungaji hakuniuliza. Haikumjia kabisa kwamba mtoto aliyewapenda samaki vile angeweza kuwadhuru. Mimi pia haikunijia. Nilichoelewa wakati ule ni kwamba kuna kosa, na kwamba kosa hilo lina mikono yangu.

Jioni ile Mchungaji alimwita Asajile. Habari zilitufikia kabla ya jua kuzama. Hakuambiwa mwizi. Aliambiwa kwamba anayetaka kuingia katika maji ya ubatizo hawezi kuingia akiwa ameficha neno, na kwamba angengoja mpaka atakapokuwa tayari kulisema. Pentekoste ilikuwa Jumapili ile ile.

Alhamisi nilimkuta anamenya ndizi. Sanduku la chai lilikuwa limefungwa.

"Ugonile, Asajile."

"Ndaga, mtoto," akaitikia.

"Ng'ombe wawili ni wagonjwa zaidi," nikasema, nikijaribu kumchekesha.

"Leo sina mzaha," akasema kwa upole, akaendelea kumenya.

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa anasugua ukingo wa chungu kibichi kwa jiwe laini, ameketi miguu imenyooshwa, kama wanavyoketi wafinyanzi. Nilikaa mbele yake. Nikamwambia yote, kuanzia mgeni wa kwanza hadi yule mwenye baka. Hakuacha kusugua. Nilipofika mwisho akasema tu, "Gwe mwana, kwa nini?"

"Sikutaka waugue peke yao kama Sekela."

Jiwe likasimama.

"Nani alikuambia Sekela alikuwa peke yake?"

"Nilimwona. Alikuwa amekaa mlangoni. Alinitupia bonge la udongo kwa hasira, kwa sababu tulimwacha."

Mama aliweka chungu chini, akafuta mikono kwenye jani. Kisha akanieleza, pole pole, kama mtu anayetoa vitu kikapuni kimoja kimoja. Ndani ya kibanda alikuwamo bibi mmoja mwenye makovu ya ndui usoni. Ugonjwa huo ulikuwa umempata zamani na haukuweza kumrudia, na yeye ndiye aliyemnywesha Sekela na kumpangusa. Na upande huu wa mfereji, mahali ambapo upepo haukutoka kwa mgonjwa, mama mwenyewe alikuwa akikaa tangu asubuhi hadi jioni. Wakati wote niliodhani kwamba ameenda kutafuta kuni, alikuwa pale, akizungumza kwa sauti kubwa. Alimwambia kuku ametotoa wangapi. Alimwambia nani amekuja kununua mtungi na amelalamika nini.

"Siku uliyokuja," mama akasema, "nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Nilirudi nikakuona unakimbia. Sekela alikuwa amelala kifudifudi mlangoni. Nikamwuliza ana nini. Akasema, 'Mdogo wangu alitaka kuvuka. Sauti haikutoka, mama, nimempiga.' Akaniuliza kama umeumia."

Nilishika bega langu.

"Siku ile," mama akasema, "hata kikombe alikuwa anashikiwa."

Akachukua jiwe lake, akaendelea kusugua ukingo, maana udongo haungoji. Baadaye akaniambia, "Kesho tutakwenda wote. Utasema mwenyewe. Mimi nitasimama karibu, lakini sitakusemea."

Ijumaa asubuhi tulikwenda. Mama alikuwa na chungu kichwani, sikujua cha nini. Mama Mchungaji alikuwa barazani. Nilipiga magoti nikasema, na kwa kuwa nilianza kulia ilinibidi nirudie mara mbili. Nilimweleza habari za wageni na zamu zao. Nilimweleza kwamba mgonjwa haachwi. Alisikiliza ameshika nguzo. Kisha akasema neno kwa lugha yake, akashusha macho, akaenda jikoni kwa haraka. Nilidhani anakwenda kuchukua fimbo. Alikwenda kwa Asajile. Tuliwaona kupitia mlangoni: yeye amesimama mbele ya mpishi wake, amekunja mikono kama sisi tunavyokunja mbele ya wakubwa, anamwomba radhi. Jambo la namna ile nilikuwa sijaliona, na tangu siku ile nimeliona mara chache.

"Ndaga, Mama," Asajile akashukuru. "Ndaga. Yameisha."

"Lakini uliona? Ulijua?"

"Niliona tangu siku ya kwanza, Mama."

"Mbona hukusema?"

Asajile akaona haya, akajikuna kichwa. "Nilidhani mtoto ana adabu. Anapeleka wageni kwa mgonjwa. Nilijua utamkasirikia, lakini mimi nitamshtakije mtu kwa kumtazama mgonjwa?"

Mama Mchungaji aliketi kwenye kigoda cha jikoni. Sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Wakati huo mama yangu alikuwa amebaki barazani, ametia mkono ndani ya mtungi mmoja. Akauondoa haraka. Akatia kwenye mwingine. Akapapasa ubavu wa nje, ukawa umelowa. Akaniita.

"Nimekosea mimi pia," akasema. "Ulisema samaki, mimi nikafikiri maji, nikaleta mitungi. Mtungi hutoa jasho. Tunaufanya hivyo kusudi upoze maji ya kunywa. Shika. Watoto hawa wa watu nimewaweka kwenye baridi, na mwera huu unavuma."

Mama Mchungaji alikuja akashika, akaelewa mara moja. Alisema kitabu chake kinasema maji yawe na chumvi kidogo na yasiwe ya baridi. Naye mama, ambaye usiku alikuwa ameshaanza kuishuku mitungi yake, akashusha kile chungu alichokuja nacho. Kilikuwa chungu cha kupikia, alichokuwa amekichemshia uji mzito usiku ili vitundu vyake vizibe. Akasema chungu kama hicho hakitoi jasho, na kikiwekwa juani hushika joto mpaka jioni.

Asajile alisimama mlangoni akitazama samaki wanahamishwa kutoka mitungini kuingia chungu cha mboga, na Mama Mchungaji akinyunyiza chumvi ya jikoni kwa vidole vitatu, akionja kwa ncha ya ulimi.

"Mama," akasema, "ninaomba ruhusa ya kusema neno moja."

"Sema."

"Chumvi tayari. Chungu tayari. Mimi nimekaa mbali, na kisu nimekiacha jikoni. Mchungaji aitwe ashuhudie."

Akacheka hata Mama Mchungaji. Mama yangu, ambaye tangu msiba nilikuwa sijasikia kicheko chake, alijifunika uso kwa khanga.

Tulikopa vyungu vingine viwili vilivyozibwa, safari hii kila kimoja na kata yake. Mchana tuliviweka juani na tukavifunika jani la mgomba jua lilipokuwa kali, jioni tukavisogeza karibu na ukuta wa jiko. Nilikatazwa kuwagusa wazima kabla sijanawa. Niliruhusiwa kukaa. Nilikaa hatua mbili kutoka kwenye vyungu, nikiwasimulia kwa sauti kubwa kuku wetu ametotoa wangapi. Wengine walikufa hata hivyo, akiwamo yule mweusi mwenye macho. Watatu walipona. Yule mwenye baka alikuwa mmoja wao, na aliishi hadi wakati wa vita, Mama Mchungaji na mumewe walipochukuliwa mateka. Hayo ni mengine.

Jumapili ya Pentekoste Asajile alibatizwa. Shati halikuwa limeshonwa kwa sababu alipoteza siku mbili, kwa hiyo alijifunga kile kitambaa cheupe mabegani, na mama yake mzee wa Ipinda aliketi mstari wa mbele na mkongojo wake, akitikisa kichwa kwa kila neno. Alipotoka kanisani maji yakiwa bado nyweleni, alinikonyeza. "Mchunga Samaki," akasema, "sasa nimelingana na ng'ombe wako." Nilimshukuru Mungu siku ile, nami namshukuru hadi leo, kwamba ulimi wangu ulifunguka Ijumaa na si Jumatatu.

Mchana wa siku ile mama alinishika mkono, tukapita nyumbani bila kuingia, tukaenda mpaka mwisho wa shamba. Kibanda kilikuwa kimechomwa zamani, na migomba michanga imeota mahali pake. Mama alinionyesha alipokuwa akikaa. Nyasi za pale bado zilikuwa fupi kuliko nyingine. Kisha akanivusha mfereji, akaniweka palipokuwa mlango wa kibanda, akarudi yeye ng'ambo akasimama ukingoni, pale nilipokuwa nimesimama mimi.

"Tupa," akasema.

Niliokota bonge la udongo, nikarudi hatua moja, nikalitupa kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa mzima, nimeshiba chakula cha sikukuu, wala sikushikiwa kikombe. Liliangukia katikati ya mfereji.

"Tupa tena."

Nikatupa tena. Halikufika.